Maelezo ya Picha ya Jukwaani

Jumatatu asubuhi dirisha la malalamiko la ofisi ya serikali lilifurika watu, kila mmoja na karatasi yake na hasira zake. Mwanamke wa gauni la manjano alifika mbele kwa fimbo yake nyeupe, akaweka simu juu ya kaunta.

"Fomu ya uhamisho mliyoweka kwenye tovuti nimeipakua. Sikilizeni inavyosomwa."

Simu, yenye programu ya kuwasomea wasioona, ikasema: "Picha. Picha. Picha." Kurasa sita zote. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Alikuwa mwalimu wa hisabati, na alitaka kuhamia karibu na mama yake.

Fundi wa tovuti aliitwa kutoka ofisi ya nyuma, tai imepinda. Kosa lilikuwa lake. Alikuwa ameipiga picha karatasi na kuipandisha kwenye tovuti hivyo hivyo, kama ofisi nzima ilivyozoea, na simu haikuweza kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha.

"Nipe mpaka saa tisa, dada."

"Saa tisa zenu nimeshapewa nyingi."

Lakini saa nane na nusu fundi alimpigia. Alikuwa ameiandika fomu upya, kichwa kwa kichwa, kisanduku kwa kisanduku.

"Jaribu sasa, Mwalimu."

Alisubiri, moyo ukimwenda mbio kwa ajili ya fomu ya serikali. Mnisamehe, ndivyo mapenzi yalivyoanza.

"Imesoma mpaka mahali pa sahihi," alisema mwalimu, sauti imelainika. "Asante, Fundi."

Simu zikawa za kila siku. Fundi alimtumia video zenye maelezo ya sauti ya kinachoonekana azikague kabla hazijawekwa kwenye tovuti, naye mwalimu hakumwonea haya.

"Maelezo yako ni ya polisi! 'Mwanamume mmoja, suti nyeusi.' Ana furaha? Ana njaa?"

"Nitajuaje kama ana njaa, mpenzi?"

"Si una macho!"

Neno mpenzi lilikuwa limemponyoka, na hakuna aliyelirudisha. Jioni ile mwalimu alimwambia mama yake: "Nimempata mtu anayeniona."

Tovuti iliyotengenezwa upya ili isomeke na wasioona ilizinduliwa ukumbini. Mwalimu, gauni la zambarau, alihutubia watu mia tatu, ukumbi ukasimama kwa makofi. Fundi naye aliitwa jukwaani, akasema maneno manne, magoti yakamcheza. Waliteremka wameshikana mikono.

Kesho yake mwalimu, aliyekuwa ameshahamia karibu na mama yake, alifungua ukurasa wa picha za uzinduzi, mama kando yake. Simu ikasoma: "Mwanamke asiyeona akisaidiwa kushuka jukwaani."

"Huyu ndiye uliyesema anakuona?" mama aliuliza taratibu.

Mwalimu alipiga simu palepale.

"Nani ameandika haya?"

"Mimi. Mwalimu, ni lugha ya kiofisi tu, nilikuwa na haraka."

"Mkono ulionishika ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Basi umenishusha wewe mwenyewe." Akakata. Alilia sana, na sitasema alilia kidogo.

Wiki tatu mwalimu hakupokea simu. Fundi alifikiria kuifuta picha, lakini kufuta kungekuwa kujificha. Siku moja mchana alifunga macho pale kwenye meza yake, akauacha ukurasa usomwe kwa sauti ile ile anayoisikia mwalimu kila siku. Sentensi yake ilipofika, aliona aibu mbele ya chumba kitupu. Akaandika nyingine.

Jumapili, simu ya fundi iliita.

"Nimeusikia ukurasa," alisema mwalimu. "Nisomee wewe. Nimeweka sauti ya nje, Mama yupo hapa."

Fundi akasoma: "'Mwalimu wa hisabati, gauni la zambarau, anashuka jukwaani akicheka. Ametoka kuhutubia, na ukumbi mzima umesimama. Amemshika mkono fundi wa tovuti, ambaye anatetemeka na asingeweza kushuka peke yake.'"

"Ndivyo ilivyokuwa?" mama aliuliza.

"Ndivyo, Mama. Mimi ndiye niliyeshikwa. Niliona haya kuandika."

Mwalimu akasema, "Kuna kitu kimekosekana. Maelezo hayasemi huyo fundi ni nani kwa mwalimu."

"Ile ni tovuti ya serikali, mpenzi."

"Hii siyo. Sema."

Fundi alisimama peke yake chumbani. "Ni mtu anayeomba kukuoa. Nimekosa, nisamehe, nioe—" Akajikwaa. "Niruhusu nikuoe."

Mwalimu alimsogezea mama yake simu. Mama ndiye aliyeinama kwenye simu.

"Anaitikia kwa kichwa, mwanangu," alisema. "Machozi yanamtoka, na anacheka."