Mpira Ulioibwa Thieta

Mwizi aliacha kila kitu cha thamani, akachukua mpira. Mpira wa mlango wa mtambo wa kutakasia vifaa vya upasuaji. Bila huo mvuke wote unavuja, na hapasuliwi mtu.

Inspekta, ambaye kituoni walimwita Kupe kwa kuwa aking'ang'ania haachi, alifika amenuna. Wa kwanza kupasuliwa asubuhi ile alikuwa dada yake mwenyewe. Alikuwa nje ya mlango wa thieta, chumba cha upasuaji, kwenye kitanda cha magurudumu, njaa inamuuma, uvimbe tumboni.

"Ni fundi tuliyemfukuza," alisema Mganga Mkuu wa hospitali. "Mkamateni tumalize."

Kupe alikuwa anatazama meza. Skrubu za mlango wa mtambo zilikuwa zimefungwa ndani ya kitambaa cha kijani, ncha moja imekunjwa nje ili mtu afungue bila kugusa ndani. Fundi gani huyo, jamani, anayefunga skrubu kama mkasi wa upasuaji? Mazoea yana tabu. Akamwita sista msimamizi.

"Nani hufunga hivi?"

"Wauguzi wa thieta."

"Na ufunguo wa chumba hiki?"

"Ninao mimi tu."

"Mpira uko wapi, sista?"

"Nimeuficha, afande. Na siurudishi."

Mganga Mkuu akafoka. Sista hakumjali. Alichukua furushi la vifaa, akamwonyesha Kupe utepe uliolifunga.

"Joto likitosha, mistari hii huwa myeusi. Hii imetoka mtamboni jana, bado imepauka. Mtambo ni mbovu. Akina mama watatu tuliowapasua vidonda vyao vimeoza, na mmoja tumemzika. Nilimwomba mkuu huyu tufunge thieta. Akasema tukifunga tutachekwa. Basi nimefunga mwenyewe. Nitieni pingu, lakini leo hapasuliwi mtu kwa vifaa hivi."

Kupe alimfikiria dada yake pale nje, akaogopa kwelikweli.

"Umemsikia," alisema Mganga Mkuu. "Mchukue."

"Wizi ni wizi. Sista, utaandika maelezo." Kisha Kupe akatoa utepe wa polisi, akauzungushia mlango wa thieta. "Na hapa ni eneo la tukio. Haingii mtu."

"Kwa ajili ya mpira?"

"Mwizi wa mpira nimeshampata. Sasa nachunguza kifo cha yule mama, na nitaanza na wewe."

Akatoka, akashika kitanda cha dada yake, akaanza kukisukuma kuelekea nje.

"Kaka, mbona tunaondoka?"

"Twende kwingine, dada. Hapa hawakugusi."