Asante ya Jumapili

Mvua ilishuka ghafla katika soko la Gakoromone mjini Meru, na watu wakakimbilia popote palipokuwa na bati. Wanjira hakukimbia. Alikuwa ameketi kwenye kibanda cha fundi Susan, mguu kwenye kanyagio la cherehani, akikunja upindo wa pazia la mteja. Ndipo alipomwona kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola, akija mbio na jora la kitambaa begani. Hatua tatu kabla ya kufika, kiatu kikateleza. Jora likaruka na kujifungua lenyewe juu ya matope, na kijana akaketi juu yake kwa kishindo.

Kwa kawaida Wanjira alicheka akiwa amefunika mdomo. Siku hiyo alisahau kuufunika.

"Cheka tu, siste," kijana akasema, bado amekaa chini.

"Si wewe nacheka."

"Ni nani basi? Kuna mwingine ameanguka?"

"Nacheka hiyo kitambaa. Imefika kabla yako."

Susan akatoa kichwa nje, sindano mdomoni. "Shueib! Hiyo si ya mteja wangu?"

"Ilikuwa, fundi. Sasa tupande mahindi juu yake."

Huyo Shueib alikuwa mtoto wa Khadra, mama wa Kisomali mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti. Kesho yake alileta jora safi. Keshokutwa alikuja tena, mikono mitupu, nywele zimechanwa, ananukia marashi kuliko harusi nzima.

"Leo umeleta nini?" Susan akamuuliza.

"Nimeleta salamu."

"Ya kwangu ama ya huyu wa Embu?"

Wanjira aliinamia cherehani, sindano ikapita nje ya mstari.

Alikuwa msichana wa watu wachache na maneno machache. Alizaliwa Kianjokoma, Embu, kwenye mashamba ya chai, akaacha shule darasa la saba baba yake alipougua. Mbele ya watu sauti yake ilikuwa ndogo, kila mara akiombwa arudie. Lakini alikuwa na blogu. Kila Jumapili akitoka kanisani, alikaa kitandani katika chumba chake cha kupanga pale Makutano, akaandika kwa simu mambo ya wiki ambayo alitaka kuyashukuru. Ukurasa aliuita Asante ya Jumapili. Hakuandika makubwa. Nashukuru kwa mama wa chumba cha nne aliyenipisha foleni ya choo akiwa yeye mwenyewe amebanwa. Nashukuru kwa kifungo kilichopotea Jumatatu, kikapatikana Ijumaa ndani ya kiatu. Watu karibu elfu mbili walimsoma, na hakujua walitoka wapi.

Jumapili ya kwanza baada ya mvua ile, simu yake ililia.

"Nashukuru kwa mwanaume aliyeanguka vizuri," sauti ikasoma polepole. "Huyu ni nani, Wanjira?"

"Nani amekuonyesha?"

"Fundi Susan. Hiyo kuanguka vizuri inaangukwaje?"

"Ni kuanguka bila kutukana mtu."

Shueib akacheka mpaka Wanjira akasikia kikombe kikitikisika kwenye sahani upande wa pili. "Basi niangushe tena, roho yangu."

Roho yangu. Alikata simu, akaufunika uso kwa mto, peke yake chumbani, kama kuna mtu angemwona.

Miezi minane ilipita hivyo. Shueib alimpigia asubuhi kumuuliza kama amekula, na saa sita kumuuliza tena kana kwamba asubuhi hakujibiwa vizuri. Mambo ya dini waliyaongea bila kufichana, wakakubaliana kwenda polepole. Ilipofika Juni, akampeleka nyumbani kwao.

Wanjira alivaa gauni refu la kijani alilojishonea, na mtandio mweupe kichwani. Khadra alimtazama kuanzia mtandio mpaka viatu, akamkaribisha kwa anjera, zile chapati laini za Kisomali, na chai ya maziwa ya ngamia. Hakuongea sana, ila kila kikombe kilipopungua alikijaza. Kisha Faiza, dada mkubwa wa Shueib, akatoka chumbani na vitu viwili vimefungwa blanketi. Walikuwa pacha wa wiki sita, Burale na Leylo.

"Shika huyu, abaayo, mikono yangu imekufa," Faiza akasema, akimwita dada kwa Kisomali. "Na huyu pia. Ukiangusha mmoja, usianguke vizuri."

Walicheka wote, hata Khadra. Pacha walilala mapajani mwa Wanjira, miguu yao midogo imetoka nje ya blanketi, minne imepangana. Alimwomba Faiza ruhusa, akaipiga picha.

Jumapili akaandika: Nashukuru kwa Burale na Leylo, watoto wawili wanene, mashavu kama mandazi, miguu minne ambayo bado haijakanyaga chini. Akaweka picha. Hakuwahi kuandika kitu kikapendwa hivyo. Watu waliisambaza Meru, Maua, mpaka Ruiri. Jumatatu wanawake watatu waliingia dukani kwa Khadra wakimpongeza kwa wajukuu waliowaona kwenye simu. Khadra aliwapimia vitambaa vyao bila kuinua macho.

Wiki ya pili ya Julai baridi ilishuka kutoka mlimani, na Burale akazidiwa na kikohozi. Usiku wa Jumatano hakunyonya. Alhamisi asubuhi walimkimbiza hospitalini. Adhuhuri alikuwa amefariki, na kabla jua halijatua alikuwa amezikwa.

Wanjira alifika matangani Ijumaa, mtandio ule ule mweupe kichwani, chupa ya uji mkononi kwa ajili ya Faiza. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka. Alipiga magoti mbele ya Khadra, akamnyoshea mkono.

"Mama, pole sana."

Khadra hakuupokea mkono. Alisema kwa sauti ya chini, lakini chumba kizima kilikuwa kimya.

"Wewe ndiye uliwahesabu. Wawili, ukasema. Wanene, ukasema. Ukawaonyesha macho ambayo hatuyajui. Sasa hesabu tena."

Wanjira aliinua uso. Mlangoni alisimama Shueib na birika la chai. Alikuwa amesikia kila neno. Wanjira alimngoja aseme kitu, chochote, hata aseme mama, basi. Shueib aliangalia birika.

Akaiweka chupa ya uji chini, taratibu isitoe sauti, akatoka. Jioni hiyo alikuwa Kianjokoma.

Mama yake, Marcella, alimsikiliza akichambua maharagwe. Alipomaliza kusikia, akasema, "Hata baba yako hakuwahi kuniambia mbuzi wake ni wangapi. Ukimuuliza, anasema wapo."

"Kwa hivyo ni mimi, mama? Ni mimi nimemuua?"

"Sijasema hivyo. Mtoto huuawa na ugonjwa. Nasema tu huyo mama hakuanza leo kuogopa jicho baya. Na wewe ulijua hiyo hofu iko, ulizaliwa ndani yake."

Maneno hayo yalimwingia Wanjira kuliko ya Khadra. Aliiondoa Asante ile kwenye blogu. Jumapili iliyofuata hakuandika, wala ya pili. Ya tatu wasomaji walianza kuuliza kama ni mgonjwa. Alikuwa anachuma chai na mama yake tangu asubuhi, anarudi vidole vimekuwa vyeusi, anaiangalia simu. Shueib alikuwa amepiga siku ya tisa. Siku nane za kwanza hakupiga. Wanjira hakuipokea ile ya tisa, wala zilizofuata.

Aliyempata ni Faiza, kwa namba ngeni.

"Abaayo, usikate. Kuna kitu lazima ukijue. Burale alianza kukohoa Juni, hata kabla hujaja kwetu. Kikapungua, kikarudi. Daktari alisema ni mapafu. Na ule usiku wa mwisho mimi nilitaka twende hospitali. Mama akasema ni baridi tu, tungoje asubuhi."

Wanjira alikaa chini pale pale, kati ya mistari ya chai.

"Unanielewa?" Faiza akaendelea, sauti imeanza kukatika. "Mama akikuachilia wewe, atajishika mwenyewe. Hawezi. Lakini mimi najua, na Shueib anajua. Nilimwambia siku ya tatu."

"Faiza, pole. Pole kwa mtoto."

"Ile picha ya miguu bado unayo? Sisi hatukuwahi kuwapiga wote wawili pamoja. Tuliogopa."

Wanjira aliituma mara moja. Kisha akalia, kilio cha kupumua baada ya kubanwa kifua muda mrefu. Si yeye. Na Shueib alijua si yeye. Wiki nzima iliyofuata alitembea na tumaini akiogopa kuligusa. Simu ya Shueib ilipolia Jumamosi, aliipokea.

"Niko Kianjokoma," akasema. "Hapa kwa kituo cha majani. Nielekeze, tafadhali."

Alimkuta kando ya pikapu ya duka, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Wanjira alikuwa na aproni ya plastiki na gambuti, kikapu mgongoni. Walisalimiana kama watu waliotambulishwa jana.

"Umekuwa mkulima," Shueib akasema.

"Na wewe umekuwa ndevu."

Wakacheka kidogo, na kicheko kikaisha mapema.

"Wanjira, mama amekubali. Nimemwomba wiki mbili, hata chakula nilikataa. Amesema nikuoe. Ameweka kitu kimoja tu, uifunge ile blogu."

"Na wewe unataka niifunge?"

"Mimi napenda ukiandika, wewe wajua. Lakini ni simu tu, mpenzi. Tukiweka mama upande mmoja na simu upande mwingine..."

"Nitaifunga."

Shueib alishtuka. "Kweli?"

"Nitaifunga leo, mbele yako. Lakini nijibu kitu kwanza." Sauti yake ilikuwa ndogo, na kwa mara ya kwanza hakuombwa kuirudia. "Faiza alikuambia mtoto alikohoa kabla sijaja. Unaamini?"

"Naamini. Wallahi naamini."

"Siku moja mtoto wetu ataamka na homa. Watoto wote huamka na homa. Mama atanigeukia. Hiyo siku wewe utaniangalia vipi?"

Lori la majani la asubuhi lilikuwa limeacha matope mazito barabarani. Shueib aliyakanyaga, akaondoa mguu, akayakanyaga tena.

"Si lazima ifike huko."

"Sema hutaniangalia kama yeye. Sema tu, nipande gari sasa hivi na hizi gambuti."

Alifungua mdomo. Macho yalimjaa maji, na Wanjira aliona jinsi anavyoitafuta ile hapana, kwa nguvu zote, na jinsi asivyoipata. Angeweza kumdanganya. Mwanaume mwingine angemdanganya, na wangekuwa Meru kabla ya saa nane.

"Sijui," akasema mwishowe. "Haki ya Mungu, Wanjira, najua si wewe. Lakini usiku ule, nikimwangalia Leylo amelala peke yake... ilinijia. Mara moja tu. Niliifukuza. Sijui kama itarudi."

Hilo ndilo jibu alilolitaka, na lilikuwa la kweli. Aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili yenye utomvu wa chai. Alimpenda wakati huo kuliko siku zote alizowahi kumpenda, na hakuweza kwenda naye.

"Rudi nyumbani, Shueib."

"Usiniambie hivyo, roho yangu. Nipe muda."

"Kila mtoto akikohoa nitakuwa nahesabu macho yenu. Siwezi kulea hivyo. Na wewe hutaweza kukaa kati yetu kila siku. Umejaribu mara moja."

Shueib aliegemea mlango wa pikapu muda mrefu, kisha akapanda. Gari lilichukua kona kwenye mikaratusi, likapotea.

Wanjira alirudi shambani. Marcella alikuwa katikati ya mistari, vidole vikienda bila kuangaliwa, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi.

"Amekukataa?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye nimekataa."

Vidole vya Marcella vikasimama. "Na unampenda?"

"Nampenda."

Mama yake alimtazama, akasogea kando, akampisha.

"Basi shika mstari wa huku," akasema. "Lia ukichuma, mama. Lori linarudi saa tisa."