Mzigo wa Mgeni Kisiwani Kalumbu

Kalumbu ni kisiwa kidogo katika ziwa Kisale. Ukisimama katikati yake ukapiga kelele, kila nyumba inakusikia. Asubuhi wanaume hurudi na nyavu zao. Wanawake hupasua kambale, huwapanga juu ya vichanja na kuwasha kuni chini yake. Moshi ndio unaowalisha watu wa Kalumbu. Samaki wao hufika mpaka soko la Kamina, mji mkuu wa jimbo. Wao wenyewe hawafiki.

Umba alikuwa mvuvi kisiwani hapo. Mke wake, Priscille, alikuwa akikausha samaki pamoja na wanawake wenzake juu ya kilima. Kilima hicho ni kidogo sana, lakini ni mahali pekee ambapo maji ya ziwa hayapandi.

Kisha wakaja watu wa ushirikiano, mradi wa misaada ya kutoka nje. Wengine walitoka Ulaya, wengine walitoka ofisi za Kamina. Walitafuta mahali pakavu, wakakichukua kilima. Wakajenga kijumba na kukizungushia ua. Juu ya paa waliweka vioo vinavyokusanya nguvu za jua. Ndani waliweka batri, antena na simu.

"Mama akishikwa na uchungu, muite materinite, hospitali ya uzazi ya Kinkondja, ng'ambo ya ziwa," walisema. "Boti ya motere itakuja mbio."

Watu walipiga makofi. Mbuzi alichinjwa. Wanawake walihamisha vichanja vyao, wakavisimamisha chini ya kilima, karibu kabisa na ua.

Wageni walipoondoka, chifu Mbuyu aliwaita watu wake.

"Munajua desturi yetu," alisema. "Mugeni akiacha muzigo yake ku nyumba yako, haufungue, hauguse, mpaka yeye mwenyewe arudie. Hii mashine njo muzigo ya mugeni."

Watu waliitii desturi. Hakuna aliyegusa vioo. Hakuna aliyeuliza kitu. Mgeni naye hakurudi.

*

Siku uchungu ulipomshika Priscille, jua lilikuwa kali na mbingu haikuwa na wingu hata moja. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Mama wazee wakatikisa vichwa. Djo, mdogo wake Umba, alikimbia kilimani kuita boti.

"Yaya!" alimwita kaka yake kwa kelele. "Haiongee!"

"Finya tena!"

"Nimefinya! Imekufa!"

Umba alimbeba mke wake mpaka kwenye mtumbwi. Yeye na Djo walipiga kafi mpaka mikono ikachubuka, na Kinkondja ikabaki mbali. Mtoto alizaliwa njiani, katikati ya mafunjo. Alikuwa mvulana. Hakulia.

"Mbona halie?" aliuliza Priscille. "Umba, mbona mutoto halie?"

Umba aliendelea kupiga kafi.

*

Baada ya matanga, Umba alifunga nguo zake kwenye mfuko.

"Unaenda kutukana bageni?" chifu alimuuliza.

"Naenda kubauliza."

"Mutoto ameisha kufa, Umba. Kuuliza hakumurudishe."

"Mukubwa, Déborah, bibi ya Djo, iko na mimba. Mutangojea mpaka naye ajifungulie mu mafunjo?"

Umba aliondoka. Alivuka ziwa, akaendesha baiskeli kwenye barabara mbovu mpaka Bukama, akangoja treni, akafika Kamina na vumbi mpaka kwenye kope.

Ofisini alimkuta bwana Hénoch, mkubwa wa mradi, mbele ya ordinateri, kompyuta ya ofisi. Hénoch alimkaribisha vizuri sana. Alimgeuzia kioo ili aone.

"Angalia, papa. Hii njo Kalumbu yenu. Alama iko ya kijani. Maana yake inatembea bien, muzuri."

"Nani anasemaka inatembea?"

"Ni ordinateri."

"Nani aliambia ordinateri?"

"Tulitia ile alama siku ya fête, siku ya kufungua mashine. Kama kuko shida, muntu ya kisiwa anapashwa kutuita."

"Kuwaita na nini?" Umba alipiga meza kwa kiganja. "Na ile simu yenye kufa? Munasema siye na ninyi tuko mu mutumbwi moja. Mbona kafi zote ziko huku Kamina, na siye tuko na maji tu? Mutoto yangu amekufa chini ya hii kijani yenu!"

Kwenye meza ya pembeni aliinuka mwanamke mmoja, fundi wa mradi. Aliitwa Tshibola.

"Pole, papa," alisema. "Niliombaka kwenda ku visiwa. Banasema makuta, pesa ya safari, haiko. Sasa naenda na weye."

Umba alimtazama. Alisikia lafudhi ya Kasai, jimbo la jirani, katika sauti yake.

"Weye muntu ya Kasai, unajua nini ya ziwa yetu?"

"Ziwa siijui. Balifukuzaka bantu ya Kasai huku, baba yangu akatoka na mufuko moja, hakupata nafasi ya kunionyesha ziwa. Lakini batri najua. Twende, ao unataka kwanza tugombane?"

Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Umba alikaribia kucheka.

*

Kisiwani, Tshibola alipanda juu ya paa. Alipitisha kidole kwenye kioo, akakiinua ili watu wa chini wakione. Kilikuwa cheusi, kinang'aa kwa mafuta ya samaki.

"Vioo vimepofuka," alisema. "Jua haiingie. Batri ililala na njaa siku nyingi, ikakufa."

Wanawake waliangalia vichanja vyao. Upepo wa ziwa ulikuwa unapeleka moshi moja kwa moja juu ya paa. Mama mmoja alianza kulia.

Damu ilimpanda Umba. "Unasema bamama zetu njo baliua mutoto yangu?"

"Hapana, papa. Siye tulibanyanganya kilima, hatukubaambia moshi inaharibu. Ninyi muliona weusi, hamukuuliza. Siye tena hatukurudia kuangalia. Kosa iko na baba wengi."

Chifu Mbuyu alijikohoza. "Tuliheshimu muzigo ya mugeni."

"Heshima ni nzuri, mukubwa. Lakini hii si muzigo ya mugeni. Mulitoa kilima yenu juu yake. Ni kintu yenu. Kintu yako, unaipanguza. Ikigonjwa, unasema. Na ule mwenye kukuletea, unamuuliza: fundi ni nani, batri ikikufa nani ataleta ingine, ule fundi akihama nani anabaki?"

Kisha aliwafundisha. Priscille mwenyewe ndiye aliyepanda juu ya paa, hakutaka mtu mwingine. Tshibola alimpa kitambaa laini.

"Kila asubuhi, kioo ikiwa bado baridi. Maji safi. Musisugue na muchanga, inakwaruza. Musimwange maji ya baridi saa ya jua kali, kioo inaweza kupasuka."

"Na muziki?" aliuliza Djo. "Naweza kutia radio kidogo?"

"Radio yako ikule nguvu, kisha bibi yako aite boti na filimbi?"

Watu walicheka, na Djo akajificha nyuma ya wengine.

Siku ile vichanja vilihamishwa upande ambako upepo unapeleka moshi ziwani. Wanawake wawili, Priscille na Clotilde, wakawa walinzi wa mashine. Ilikubaliwa kwamba kila Jumapili baada ya sala wataipigia materinite, hata kama hakuna mgonjwa, wasikie tu kama inajibu. Batri mpya ilipofika, chifu mwenyewe aliita Kamina.

"Bwana Hénoch," alisema, "kuanzia leo alama ya Kalumbu tutakuambia siye. Tukinyamaza, utie nyekundu."

*

Mvua zilipoanza, uchungu ulimshika Déborah. Priscille aliita. Boti ya motere ilifika kabla chungu cha maji hakijachemka. Kule Kinkondja alizaliwa msichana, na kilio chake kilisikika mpaka nje, kwenye gati.

Baada ya siku chache simu ililia kijumbani. Alikuwa Hénoch, amejaa furaha.

"Mama Priscille! Tumesikia habari njema! Ku Ulaya banaomba picha ya mutoto, baonyeshe bantu kama ushirikiano yetu inaokoa maisha."

"Nitauliza mama yake," alisema Priscille. "Akikubali, mutaipata."

"Merci, mama, merci sana."

"Lakini bwana Hénoch, miye pia nilizaaka mutoto, na mashine ilikuwa hapa hapa. Yule, picha yake mutaomba siku gani?"

Umba alikuwa amesimama mlangoni. Vioo vilikuwa safi, batri ilikuwa imejaa, simu ilisikika kama mtu amekaa kando yako.

Upande wa Kamina hakuna aliyejibu.