Onja, Uteme

Jua lilikuwa linazama Fundi Onja alipofika kwa shemeji yake, mpira wa maji begani. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida, ile mtu anayoifanya huku anapiga mluzi. Mashine ya boti hujipoza kwa kunywa maji ya bahari. Boti ikirudi nchi kavu, maji yaliyobaki tumboni mwake hukauka, chumvi ikaganda na kuziba njia, na safari moja mashine inachemka na kufa mbali na watu. Ndiyo maana husafishwa kwa maji ya bomba siku ile ile.

Hii ilikuwa imekaa wiki kadhaa.

Boti ilikuwa ya kaka yake. Ilikutwa inaelea peke yake, ndara za kaka zimepangwa sakafuni kama za mtu aliyeingia kulala. Mwili haukuonekana. Tangu hapo mke wa kaka hakutaka mtu aguse boti, wala neno marehemu litajwe mbele yake. "Mume wangu amechelewa," ndivyo alivyosema, na watu wakatazama chini.

Leo mwenyewe kamwita.

"Nisafishie mashine, shemeji. Na uonje vizuri."

Hilo halikuwa la kuambiwa. Jina la Onja alilipata hapo hapo. Hakuamini kipimo chochote. Maji yakitoka nyuma ya boti aliyakinga kwa kiganja, akaonja, akatema, na chumvi ikiisha ndipo alipozima. Wenzake walimcheka kwamba ipo siku atalamba betri. Lakini hata yeye alikuwa na mwiko mmoja, aliopewa na fundi aliyemfundisha: onja, uteme. Ya bahari si yako.

Bandani ilimowekwa boti mlikuwa na joto na harufu ya dizeli. Onja alitaka kumaliza upesi. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, nzito, na alimsihi asimwache peke yake giza likiingia. Akafungua chujio la maji.

Ndani mlikuwa na kitambaa.

Ukosi wa shati, umefungwa mafundo mengi, madogo, ya kukazwa kwa meno. Aliujua. Ni wa shati la kaka la kila siku.

"Nani kaweka hiki humu?"

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Akamwonyesha mashine kwa kidevu. Onja akajiambia mjane huwa na mengi, akakiweka kitambaa pembeni, akaunga mpira, akawasha. Hapo ndipo alipokosea, lakini mtu ukishayavulia maji nguo, huna budi kuyaoga.

Mashine ikakohoa, ikashika. Maji yakaanza kutoka nyuma, mekundu kwa kutu.

Akaonja. Chumvi tupu. Akatema.

Akasubiri, akaonja tena. Chumvi ile ile.

Maji yakawa meupe, safi kabisa. Bado chumvi. Kisha ikaja harufu... si ya dizeli, si ya kutu.

Mnanaa.

Kaka hakukosa pipi za mnanaa mfukoni. Alizinyonya kutwa. Ukimkaribia unaisikia harufu kwanza, kisha kile kikohozi chake cha kusafisha koo, kisha utani. Kila akirudi salama alipita kwa Onja, akagonga, akamtania mke wa mdogo wake kwa maneno yale yale: "Shemeji, huyo mtoto wa mama yangu yupo, au umeshamuuza?" Na mke wa Onja alicheka kila mara kana kwamba ni jipya.

Onja akafunga bomba.

Maji yakaendelea kutoka.

Akazima mashine. Banda likawa kimya. Maji yakaendelea kutoka, polepole, ya uvuguvugu, yanasukumwa na kitu kilichokuwa ndani. Na kutoka kwenye lile tundu la nyuma ya boti...

Kikohozi. Kifupi. Cha kusafisha koo.

Alitaka kukimbia, lakini akajikuta anainama karibu na tundu. Tena, na hili ndilo lililomuuma baadaye, alifurahi. Alimpenda kaka yake. Alikuwa hajamlilia.

"Kaka?" akanong'ona.

"Onja," akasema shemeji. Alikuwa ameshafika mgongoni kwake, na Onja hakuwa amesikia nyayo. "Yakiisha chumvi, ametoka."

Mkono wa Onja ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka. Akakinga. Akaonja.

Matamu. Hayana chembe ya chumvi.

Akageuka ateme. Kiganja cha shemeji kikamfunika mdomo, kikambana pua. Mwanamke mwembamba vile, nguvu alizitoa wapi? Onja akapiga mateke, akaangusha ndoo, akatafuta pumzi... akakosa.

"Meza," akamnong'oneza, machozi yakimtoka. "Nakuomba, shemeji. Meza."

Akameza.

Maji yakakatika.

Shemeji akamwachia, akaketi chini kama mtu aliyetua mzigo. Alisema maneno machache tu, bila kumtazama. Alikwenda kwa mtu anayejua mambo haya. Huyo mtu akamwambia aliyekufa maji huitwa kwa nguo yake, na hana njia ya kurudi ila kwa maji yale yale, na akifika lazima akute mlango. "Mlango wa damu yake. Ningemwambia nani mwingine?"

"Mimi nina mke," Onja akasema. Sauti ilikuwa yake bado. Aliishika kama mtu anavyoshika ukuta gizani. "Nina mtoto anakuja!"

"Najua," akasema shemeji. "Nisamehe."

Onja alikimbia. Njia nzima alitema. Alijitia vidole kooni akatapika ukutani mwa watu, na kilichotoka kilikuwa mate tu, yananukia mnanaa. Alijitajia jina la mkewe, tena na tena, asije akalipoteza. Karibu na nyumbani lilikuwa limebaki nusu. Kisha akawa anatembea tu, taratibu, bila haraka yoyote, na ndara zilimbana kidogo. Zilikuwa za mtu mwenye mguu mdogo.

Taa ilikuwa inawaka. Akagonga.

"Nani?" mkewe akauliza kutoka ndani. "Ni wewe? Mbona umechelewa hivyo?"

Huko ndani kabisa ya mwili ule, chini, mahali penye baridi na chumvi, Onja alimsikia. Alipiga kelele kwa nguvu zake zote kwamba asifungue.

Mdomo wake ukasafisha koo kwanza.

"Shemeji, huyo mtoto wa mama yangu yupo, au umeshamuuza?"

Ndani, mwanamke hakucheka. Lilisikika komeo, mkono umeshalishika, haujui ulisukume upande gani.