Kikwembe cha Mabinti wa Ukoo

Rafiki yangu Olga, wa hapa Kavimvira, alitumwa nyumbani na bulamu wake Anne, dada wa mume wake, amletee kikwembe, kitambaa cha kujifunga cha chama cha ukoo wao. Ni mabinti wa ukoo tu wanaokivaa, na mwenzako ndiye anayekufungia fundo mgongoni.

"Usikijaribu, bulamu. Weye uliolewa tu kwetu!" Anne alimtania.

Wivu ulimchoma Olga. Alifunga mlango kwa komeo, akajivika kile kikwembe. Umeme ukakatika. Gizani, vidole vya upole vikamfunga fundo mgongoni.

"Aksanti, dada," alinong'ona, machozi ya furaha yakimtoka.

Mlango ukagongwa. "Olga, fungua! Minye nimechoka kungoja," Anne aliita kutoka nje.

Mgongoni pa Olga, vile vidole vilikuwa bado vinakaza fundo.