Aliyelala Usiku Kitandani kwa Hamira

Mwoka mikate aliporudi nyumbani asubuhi, alikuta barakoa yake ya kupumulia usingizini ina joto. Alidhani ni mikono yake, maana aliyekesha mbele ya tanuri huona kila kitu ni cha moto. Lakini ndani ya ule mpira kulikuwa na matone ya mvuke, na harufu kama ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Watu walimwita Hamira, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuumuka, kwa kicheko au kwa hasira. Tangu mkewe afariki, hakuwa na wa kumchekea wala wa kumkasirikia. Usiku alioka, mchana alilala, na usingizini pumzi ilimkatika hata daktari akampa mashine ya kumsukumia hewa.

Nesi wa mashine alikuwa amemjaribisha barakoa tatu. Ile ya vijipira vya puani ilimkera kama nzi. Ya pua peke yake haikufaa, kwani alilala mdomo wazi. Akachukua kubwa, ya pua na mdomo, ingawa ilivujisha hewa ndevuni.

"Nyoa ndevu, mzee," nesi alimshauri.

"Marehemu alizipenda."

Nesi akaikaza mikanda ya barakoa.

Siku ya kusomewa kumbukumbu za mashine, nesi alikunja uso mbele ya skrini.

"Usiku unalala vizuri ajabu. Hewa haivuji, pumzi haikatiki. Shida ni mchana. Mchana pumzi inakatika, na kila wiki inazidi."

"Usiku?"

"Usiku kucha, mzee."

"Binti yangu, usiku mimi niko kazini."

Nesi alitazama tena skrini, kisha akanong'ona, "Unaishi na nani?"

"Peke yangu."

Jioni ile Hamira alifunga mlango kwa kishindo kama anayekwenda kazini, akavua viatu, akazunguka na kuingia kwa mlango wa jikoni. Alisimama ukumbini, mgongo ukutani. Mashine ikajiwasha chumbani. Kisha akasikia kitanda kikilalamika upande wa marehemu, na bomba la hewa likijikokota juu ya shuka, na ile harufu ya majivu ikipita chini ya mlango na kumpanda miguuni hadi puani, na pumzi ikaanza, ndefu, tulivu, pumzi ya mtu aliyeshiba usingizi, na kila ilipovutwa ndani yeye kifua kilimbana, na kila ilipotolewa alipata kahewa kadogo, hata akaelewa kwamba wanapumulia pafu moja.

Kesho yake alimsimulia dada yake, naye akamleta mganga mchana kweupe. Mganga aliketi ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja juu ya mashine.

"Nani wewe?"

Bomba lilitetemeka. Sauti ikatoka ndani ya barakoa, nyembamba kama upepo wa tundu la ufunguo. "Kila jioni aliniambia, lala salama. Nikalala."

Dada alimgeukia. "Kaka, ulikuwa ukimwambia nani?"

"Wifi yako," Hamira alijibu, macho chini. "Nilikuwa namuaga tu."

"Huyu anakula pumzi yako," mganga alisema. "Nitamtoa, lakini kauli ni ya mwenye nyumba. Mwambie atoke."

"Sema, kaka! Neno moja tu!"

Hamira alifungua mdomo. Aliutazama mto wa pili, uliobonyea katikati kama kabla ya msiba.

"Akitoka," aliuliza polepole, "atabaki nani?"

Mganga alikusanya vitu vyake. "Jini aliyevamia namtoa," alisema. "Aliyekaribishwa simuwezi."

Dada alilia, akamvuta mkono kaka yake, akambembeleza aende kwake. Alipochoka, akaondoka na kilio chake mpaka barabarani.

Hamira alifunga mapazia. Usingizi wa mchana ulikuwa umemwelemea. Akapanda kitandani, akajisogeza hadi ukutani ili kuacha nafasi.