Aliyetaka Bahari

Kaiti ilikataa kukauka.

Ilikuwa imetundikwa sebuleni tangu Jumapili, ncha moja imefungwa kwenye nondo za dirisha, nyingine kwenye msumari wa kalenda, na jiko la mkaa limewekwa chini yake asubuhi na jioni. Njombe mwezi wa sita hata soksi huchukua muda wake, Rejoice alijua hilo. Lakini soksi hazidondoki maji siku zote hizo. Kitambaa hiki cha tiara kilidondoka. Tone moja, kimya, kisha tone jingine. Alipangusa sakafu kwa kiganja, akanusa, akajikuta ameonja. Chumvi.

"Baba Jasmine," alimwambia mumewe, "hiki kitu ulikiosha na nini?"

"Maji ya bomba," Methodi alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu. "Kwani vipi?"

Rejoice alisogeza jiko karibu zaidi, akaenda kuchemsha chai.

Methodi alikuwa mtu wa maji aliyehamia mlimani. Alizaliwa Manda, mwambao wa Ziwa Nyasa, na mama yake alipenda kusimulia kwamba aliogelea kabla ulimi haujakaa sawa. Kazi ndiyo iliyompandisha Njombe, kutengeneza mashine za kupasulia mbao, na huko akamwoa Rejoice, fundi cherehani, mtoto wa wakulima wa viazi ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mvua. Waliishi vizuri. Binti yao Jasmine alikuwa shule ya bweni. Lakini kila ukungu uliposhuka ukafunika misonobari, Methodi alisimama mlangoni akautazama kama mtu anayetafuta ng'ambo yake.

Kisha siku moja aliona kwenye simu mwanamume amesimama juu ya ubao, kiunoni amejifunga kamba za tiara kubwa kama paa la duka, upepo unamvuta juu ya mawimbi mpaka anaruka. Wenyewe waliiita kaiti. Tangu hapo nyumbani habari ikawa hiyo tu. Wangekwenda Paje, Unguja, mwezi wa saba, upepo wa kusi ukiwa umekolea. Rejoice angekaa mchangani akila pweza, yeye Methodi angefundishwa kuruka. Mwanzoni Rejoice alicheka. Baadaye naye mpango ukamwingia. Akajishonea magauni mawili mepesi ambayo Njombe mtu hawezi kuyavaa, na jioni wakawa wanakaa bega kwa bega wakipanga basi, boti na chumba, kama wachumba.

Kaiti yenyewe ilitoka Makambako. Dorkasi, muuza mitumba aliyefahamiana na Rejoice kwa miaka, alifungua robota la mahema na mapazia akaikuta katikati, imekunjwa, imechanika tumboni. Alimpigia Methodi siku hiyo hiyo, akamwachia kwa bei ya shuka. Rejoice ndiye aliyeishona. Sindano zilikatika moja baada ya nyingine, na ya mwisho ikamwingia kidoleni. Damu ilidondoka kwenye kitambaa cheupe. Alipochukua kitambaa kingine apanguse, hakuona doa.

Jumamosi mchana walimpigia mama mwenye nyumba ya wageni kule Paje. Methodi aliweka spika ili wote wasikie.

"Karibuni sana wanangu," alisema yule mama. "Chumba chenu nimeshakitenga. Kile chenye nafasi ya watatu."

"Sisi ni wawili, mama," alisema Rejoice.

"Wawili?" Alisikika akifunua daftari. "Mbona mwenzenu aliyepiga jana kasema watatu? Kasema mnakuja watatu, ila mtakaorudi ni wawili. Nikadhani mmoja wenu anaanza kazi huku."

"Mwenzetu yupi?"

"Mwanamume. Sauti yake kama ya huyo baba hapo."

Methodi alicheka, akasema ni mtandao tu, akaaga. Nyuma yao dirisha lilikuwa limefungwa na pazia limetulia, lakini kaiti ilijaa taratibu, ikashuka, ikajaa tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Harufu ikatanda sebuleni, ya mwani uliooza juani. Rejoice hakuijua harufu ile. Hakuwa amewahi kufika pwani.

"Tuirudishe kwa Dorkasi," alisema kwa sauti ya chini.

"Mama Jasmine, hicho ni kitambaa."

"Tuirudishe tu."

"Hapana," alisema Methodi, kwa upole ambao Rejoice aliuogopa kuliko ukali.

Asubuhi iliyofuata Rejoice alikuta nyayo kwenye sakafu ya saruji, mbichi, pana, vidole vimeachana. Zilianzia chini ya kaiti, zikaenda hadi kwenye jiko lililokuwa bado na makaa, na hapo zikasimama, vidole vimeelekea moto. Hazikurudi.

Methodi alianza kubadilika. Alirudi kutoka kazini nywele zimekakamaa na midomo imepasuka, na aliposhika mkono wa mkewe kiganja chake kiliacha unga mweupe. Alitia chumvi kwenye uji akanywa mpaka mwisho. Alisema msumeno ukikata gogo anasikia mawimbi ndani yake, na kwamba mtu anamwita, na kwamba si jambo la kuogopa kwa sababu anamwita vizuri. Mwinjilisti wa mtaa alikuja kuomba. Nyumba ilikaa kimya kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, na alipotoka tu getini, maji yakaanza tena kudondoka.

Jioni moja Rejoice alifunga duka lake la ushonaji mapema kwa sababu sakitu, baridi ya barafu ya usiku, ilikuwa inakuja na vidole havikushika sindano. Hakukuwa na upepo. Moshi wa majiko ya jirani ulipanda wima, majani ya miti ya miwati yalisimama kama yamechorwa, na ukungu ulikuwa umelala juu ya bustani ya viazi bila kujikunja. Alipozunguka nyumba alimwona mumewe amesimama uani pekupeku, amejifunga mkanda kiunoni, na kaiti iko juu yake hewani, imejaa pomoni, kamba zimekaza mpaka zinalia.

"Baba Jasmine," aliita kwa kunong'ona, akiogopa kukishtua kile kilichokuwa kimemshika, "shuka, shuka uje ndani, chai ipo," na Methodi akageuza uso, uso uliojaa furaha ambayo mke wake hakuwahi kuiona hata siku ya harusi, akasema, "Sikia, Mama Jasmine, sikia yanavyopiga," naye akasikia kweli, mngurumo mzito ukitoka chini ya ardhi ya viazi, ukipanda, ukirudi nyuma, ukipanda tena, na harufu ya mwani ikamziba pua, na miguu ya mumewe ikaachana na nyasi, kisigino, kisha vidole, akawa ananing'inia na kupanda polepole kuelekea kwenye ukungu, na Rejoice ambaye mikono yake ilikuwa imekufa ganzi akamrukia, akamkumbatia magoti, akahisi naye anainuliwa, udongo unamwacha, akatoa mkasi mfukoni mwa koti akaanza kukata kamba moja baada ya nyingine, akilia, akitaja jina la Yesu na la mumewe bila kujua anamtaja nani, mpaka kamba ya mwisho ikakatika na wote wawili wakaanguka kwenye matuta.

Kifundo cha mguu wa Methodi kilivunjika. Kaiti ilishuka yenyewe, ikajilaza mlangoni.

Walimfunga plasta hospitali, akarudi nyumbani, na ndipo sauti zikawa mbili. Moja ilikuwa yake, ikiongea usingizini habari za mawimbi. Nyingine ilikuwa nzito na yenye majimaji, nayo ilisema neno moja tu. "Baridi." Rejoice aliongeza mablanketi. "Baridi," ilisema.

Alipanda gari hadi Makambako, akamkuta Dorkasi sokoni.

"Kamwene, dada," Dorkasi alimsalimu, kisha akaona uso wake akaacha kukunja nguo. Alisikiliza hadi mwisho. "Sikujua," alisema taratibu. "Niliona tu imelowa, nikataka itoke kibandani. Nisamehe. Twende kwa Bi Idda."

Bi Idda aliuza ubani na viungo upande wa pili wa soko. Alikuwa mtu wa Kilwa, aliyeletwa Makambako na mume mfanyakazi wa reli, na mume alipofariki hakuondoka. Watu walimfuata kimya kimya, hata wa kanisani. Hakuuliza mengi. Alifunga khanga, akachukua kifuko chake, wakaondoka wote watatu, wakafika Njombe mchana.

Alifunga madirisha yote. Alichoma ubani na udi mpaka chumba kikawa cheupe, akaketi kando ya kitanda, akaweka kiganja kwenye paji la uso la Methodi.

"Wewe nani?" aliuliza.

"Baridi," ilijibu sauti nzito.

"Unataka nini?"

Jasho la chumvi lilimtiririka Methodi shingoni.

Bi Idda alimgeukia Rejoice. "Huyu kapotea njia, mwanangu. Kiumbe cha bahari hakikai mlimani. Wote niliowaona tangu utoto wanalilia kurudi. Tutampa njia, atakwenda." Akainama tena, akasema pole pole, kila neno peke yake: "Humu ndani mko wawili. Anayetaka bahari ajitaje, nimfungulie mlango."

Rejoice alimshika Dorkasi mkono. Nje hata kuku walinyamaza.

"Mimi."

Sauti ilikuwa ya Methodi, nyepesi, yenye furaha, kama ya mtoto aliyeulizwa nani anakwenda matembezini. Rejoice aliinua mkono, akitaka kusema ngoja, ngoja kwanza. Lakini majini huiga sauti, alishasikia hivyo, na Bi Idda alikuwa amekwisha simama na kufungua mlango.

"Basi nenda," alisema. "Wala usirudi."

Upepo ukatoka ndani ya nyumba. Ulivuta mapazia nje, ukazima makaa, ukapita juu ya bustani ukipasua ukungu, na mkondo wake ukaonekana kwa muda hadi nyuma ya misonobari. Kisha ikawa mchana wa kawaida. Kaiti pale mlangoni ilikuwa kavu kama karatasi. Waliichoma uani, ikawaka vizuri.

Methodi alifumbua macho. "Nina njaa," alisema, na Rejoice akalia kwa shukrani.

Safari ilifutwa, Methodi mwenyewe alimpigia yule mama wa Paje. Akawa mume mpole kuliko zamani. Hakusimama tena mlangoni kutazama ukungu. Alikaa kando ya jiko, mikono imenyooka juu ya makaa, na Rejoice akipita alimtabasamia kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Mara nyingine alishika bisibisi akaigeuzageuza, akihangaika kuelewa ni ya nini. Rejoice alisema ni mshtuko, utapita.

Mwezi wa nane, plasta ilipotolewa, walishuka Manda kumsalimia mama yake. Gari lilipita Ludewa, likateremka kona baada ya kona, joto likaongezeka, na ziwa likatokea chini, buluu, limejaa povu. Methodi alitazama upande mwingine.

Mama Emilia aliwapokea, akapika samaki, akamtazama mwanawe mchana kutwa. Joto lilikuwa la kuvua shati, lakini Methodi alihamia jikoni akachuchumaa kando ya mafiga. Mama alimvuta Rejoice nyuma ya nyumba.

"Mkwe wangu," alisema kwa sauti ndogo, "tangu ahamie huko juu, akija hapa huanza kwa ziwa. Anaacha mzigo njiani, anaoga, ndipo anakuja kunisalimia akiwa amelowa. Nilishazoea kuwa wa pili. Huyu kanisalimia kwanza."

"Aliumwa, mama."

"Nilimzaa mimi." Macho ya mzee yalikuwa makavu. "Mwanangu mmemwacha wapi?"

Rejoice aliisikia tena ile sauti ya chumbani, ikisema mimi, na safari hii hakuweza kujidanganya ilikuwa ya nani. Bi Idda aliuliza nani anataka bahari, na aliyeitaka alikuwa mmoja tu. Yule mwingine alikuwa na baridi. Yule mwingine alitaka moto, na blanketi, na mtu wa kumtilia chai.

Aliondoka kwa miguu mizito hadi ufukweni. Mwera, upepo wa ziwani, ulikuwa unavuma kwa nguvu, mitumbwi yote imevutwa mchangani, hakuna mtu. Nyuma yake alisikia hatua. Mwanamume aliyetoka jikoni alimfikia, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

"Turudi nyumbani," alisema.

Ndipo sauti ilipokuja, kutoka mbali juu ya mawimbi, ikipanda na kushuka na upepo, sauti ya mtu aliyechoka kuruka na asiyejua tena ardhi iko wapi.

"Mama Jasmine."

Mkono ulimkaza. "Usiitike," alinong'ona yule mwanamume. "Ukiitika atajua njia."

"Nani atajua njia?"

Mwanamume alimtazama, na Rejoice aliona kwamba anaogopa, anaogopa kweli, kama mtu aliyepata pa kulala baada ya miaka ya kulala nje na sasa anasikia mwenye nyumba anabisha.

"Ndani mwenu kuna joto," alisema. "Nimekukosea nini? Niache nikae."

"Mama Jasmine," iliita sauti, mbali zaidi kuliko mwanzo.

Rejoice alifungua mdomo. Upepo ulimjaa kinywani.

"Abee," aliitika.

Mwera ukakatika. Mawimbi yakalala, na ziwa zima likawa kama mtu aliyeinamisha kichwa kusikiliza. Kando yake yule mwanamume alianza kulia taratibu, mkono wake ukapoa ndani ya kiganja cha Rejoice, ukalowa, lakini yeye hakumtazama. Alijaza kifua, akaitika tena, kwa sauti kubwa zaidi.